Mwanamke wa umbo dogo, pima mgongo kabla ya kununua begi la kupandia milima

Iwapo wewe ni mwanamke mfupi na mwembamba, nawe umeanza kuandamana na makundi yanayotoka Nairobi wikendi kwenda kupanda Milima ya Ngong au Longonot, huenda umekwisha kugundua kwamba begi la mgongoni linaweza kukuchosha kuliko mlima wenyewe. Wengi wa wakazi wa Kibera na Kawangware hununua mabegi haya katika soko la Toi, au kwenye vibanda vya mitumba vya Kawangware. Ni mabegi mazuri, na bei yake ni ya kuelewana. Taabu ni kwamba mengi yalishonewa wanaume warefu wa Ulaya na Marekani. Muuzaji naye atakuapia: "Hili litakutosha, siste. Vuta kamba tu."

Usiharakishe kumwamini. Urefu wa kamba si dawa ya begi lililozidi mgongo wako.

Nitakueleza sababu. Neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi hupita chini ya mfupa wa mtulinga, karibu kabisa na mahali ambapo kamba ya begi hukaa. Begi likiwa refu kuliko mgongo, mkanda wake wa kiuno huteremka hadi kwenye makalio, na hapo haubebi chochote. Uzito wote huangukia mabega. Kamba hukandamiza neva saa baada ya saa, kwanza vidole vinafanya ganzi, kisha mkono unalegea. Madaktari wa kijeshi wameujua ugonjwa huu kwa miaka mingi, kwa kuwa askari hubeba shanta nzito mwendo mrefu. Wameona pia kwamba hupungua sana shanta inapokuwa na mkanda wa kiuno unaofanya kazi.

Kwa askari, hilo ni jambo la kupumzishwa kambini. Lakini fikiria msusi wa Kawangware niliyemtibu, mwenye kilo 47, aliyerudi kutoka mlimani Jumapili na Jumatatu akashindwa kushika unywele. Hakuwa amevunjika wala kuteguka. Neva zilikuwa zimebanwa tu, na mkono ulirudi kuwa sawa baada ya wiki saba. Wiki saba bila kusuka ni kodi ya nyumba ya miezi miwili, na waliomkosa kibandani walikwenda kwa msusi mwingine.

NA MTUNGI JE?

Najua utaniuliza: mimi hubeba mtungi wa maji wa lita 20 kutoka bombani hadi nyumbani, yaani kilo 20, begi la kilo nane litanifanya nini? Swali ni la haki. Mnamo 1986, G.M.O. Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti juu ya wanawake wa Kiluo wanaobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa mukwa, ule ukanda wa kwenye paji la uso. Waliona kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi moja kwa tano ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya wanazotumia wakitembea mikono mitupu. Wataalamu walishangaa, bibi zetu wa Dagoretti, nadhani, wasingeshangaa.

Lakini wanawake hao walikuwa wamezoea tangu utotoni. Tena mzigo wa kichwani hushuka wima kwenye uti wa mgongo, ilhali begi hukuvuta nyuma, nawe unalazimika kuinama mbele ili usianguke. Mtungi huutua baada ya dakika chache. Begi utakaa nalo saa sita. (Sisemi kwamba mtungi hauumizi shingo. Hayo yana siku yake.)

KIPIMO NI MGONGO

Usijipime kwa kimo. Wanawake wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuwa na migongo tofauti, kwa maana mmoja ana miguu mirefu na mwingine kiwiliwili kirefu. Inamisha kichwa, upapase mfupa unaojitokeza zaidi pale shingo inapoungana na mabega. Huo ndio mwanzo. Kisha shika kiuno kwa mikono miwili juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikielekea nyuma. Mstari unaounganisha vidole gumba ndio mwisho. Mwambie dadako au jirani apime kati ya hapo na pale kwa tepu ya fundi cherehani, akifuata mkunjo wa mgongo. Wanawake wengi wa umbo dogo hupata kati ya sentimita 36 na 42. Mabegi mengi ya wanaume yametengenezewa migongo ya sentimita 46 na kuendelea.

Kama huna tepu, tumia kamba ya kiatu na uifunge fundo mwishoni mwa kipimo. Nenda nayo Toi. Iweke kwenye begi kuanzia pale kamba za mabega zinaposhonewa mgongoni hadi katikati ya mkanda wa kiuno. Fundo likiishia mbali juu ya mkanda, rudisha begi, hata kama rangi imekupendeza. Yako mabegi ambayo sehemu ya mabega inapandishwa na kushushwa. Hayo ni ya kutafuta kwa bidii. Na usione haya kujaribu ya vijana wa shule wa huko ng'ambo, kwani mara nyingi ndiyo yanayotukaa vizuri sisi wafupi.

Begi tupu humkaa kila mtu. Kwa hiyo beba chupa nne za maji za lita moja na nusu, ambazo ni kilo sita, uzitie ndani kabla ya kulijaribu. Legeza kamba zote. Funga kwanza mkanda wa kiuno juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni, kisha kaza za mabega, na mwisho wa kifua. Tembea sokoni dakika kumi, wenye vibanda wakucheke wakitaka. Mkanda wa kiuno ukikazwa mpaka mwisho na bado unacheza, huo si wako. Kamba za mabega zikikwaruza kwapa au kuteleza, mabega yako ni membamba kwake.

Fundi wa viatu anaweza kukushonea mkanda wa kifua, au kufupisha wa kiuno, kwa gharama ndogo. Urefu wa mgongo wa begi hauwezi.

Kuhusu uzito: kwa safari ya siku moja, moja kwa kumi ya uzito wako inatosha. Mwenye kilo 48 abebe kama kilo tano, na maji lita mbili tayari ni kilo mbili. Ukilala njiani, tuseme Mlima Kenya, usipite moja kwa tano, begi lenyewe likihesabiwa. Vitu vizito vikae katikati, karibu na mgongo.

Ganzi ikikushika njiani, vua begi, pumzika, na umpe mwenzako sehemu ya mzigo. Ikiwa haijaisha kesho yake, au huwezi kuinua mkono, au mfupa wa bega umejitokeza nyuma kama bawa, fika kliniki siku hiyo hiyo. Usikandwe, wala usinunue sindano ya maumivu dukani. Na usilivae begi hilo tena mpaka mkono uwe umepona kabisa.