Msomi Aliyefika Hadi Jikoni Kwetu

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Je, walimu wa vyuo vikuu wanaoacha ofisi zao na kuja kufanya kazi pamoja nasi vijijini, tunawatunza?

Likitajwa jina la chuo kikuu, wengi wetu huwaza majengo marefu, majoho ya mahafali na vijana wenye vitabu makwapani. Mhadhiri tunamwona akilini mwetu akiwa mbele ya ubao, amevaa miwani, anasema maneno magumu. Ni nadra kumwaza akiwa ameinama katika bustani ya mboga, au ameketi juu ya kigoda akimwuliza mama anatembea mwendo gani kutafuta kuni. Hata hivyo wapo wasomi wa namna hiyo, nao wametufaa sana sisi akina mama, pengine bila sisi kujua.

Kazi ya chuo kikuu ina mafiga matatu: kufundisha, kufanya utafiti na kuitumikia jamii. Kila mama anajua kwamba chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Lakini figa hili la tatu ndilo linalosahaulika. Kwa kawaida mhadhiri hupandishwa cheo kwa kuhesabiwa makala alizochapisha katika majarida ya kitaalamu, na wanafunzi wa shahada za juu aliowasimamia. Siku alizokaa kijijini akiwafundisha akina mama kutunza mbegu, mara nyingi haziingii katika hesabu hiyo. Ndiyo maana vyuo kadhaa duniani vimeanza kutoa tuzo maalumu kwa wafanyakazi wao waliotumikia jamii kwa namna ya pekee. Jambo hili ni jema, nalo linatuhusu sisi kuliko tunavyodhani. Hebu tuwatazame akina mama watatu wa Kenya, wote maprofesa, tuone walifanya nini na walishukuruje.

Miche ya Wangari Maathai

Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufikia kiwango hicho. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi alifundisha elimu ya viungo vya wanyama, na baadaye akawa mkuu wa idara yake. Wakati huo huo alikuwa mama wa watoto watatu.

Utafiti wake ulihusu kupe wanaoeneza ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe. Alipokwenda mashambani kuwatafuta kupe hao, aliona mambo mengine ambayo hakuyaendea. Mito ilikuwa imejaa tope jekundu. Ng'ombe walikuwa wamekonda. Kisha, katika Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, aliwasikia akina mama wa vijijini wakieleza shida zao: kuni hazipatikani, maji safi yako mbali, chakula hakitoshi. Kumbe palipokosekana kuni, mama alilazimika kuwapikia watoto vyakula vinavyoiva upesi tu, na watoto wakadhoofu. Sisi tunaopika tunaelewa jambo hili bila kufafanuliwa. Maharage hayaivi kwa moto wa majani makavu.

Maathai angeweza kurudi kwa kupe wake na kuandika makala yake. Badala yake aliwaambia akina mama wapande miti. Tarehe 5 Juni 1977 miti saba ilipandwa katika bustani ya Kamukunji, Nairobi, na kazi iliyoanza hivyo ikaja kuitwa Mkanda wa Kijani. Wako wataalamu wa misitu walioona kwamba kupanda miti kunahitaji mtu mwenye cheti. Akina mama hawakuwa na cheti. Walikuwa na makopo, vyungu vilivyovunjika, na mazoea ya kupanda mahindi na maharage tangu utotoni. Walikusanya mbegu, wakazitazama zikiota, wakafundishana. Kwa kila mche ulioshika, walilipwa fedha kidogo. Kufikia mwaka 2004, miti iliyopandwa ilikuwa zaidi ya milioni 30.

Na shukrani je? Tuzo zilianza kumjia kutoka mbali. Mwaka 1984 alitunzwa Sweden, mwaka 1991 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman nchini Marekani, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani nchini Norway, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Nyumbani njia ilikuwa na miiba. Mwaka 1982 alijiuzulu chuoni ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na alipotaka kurudi kazini hakupokelewa. Alitakiwa hata kuhama katika nyumba ya chuo, baada ya utumishi wa miaka 16. Ni baada ya Nobel, mwaka 2005, ndipo Chuo Kikuu cha Nairobi kilipompa shahada ya heshima. Mwaka 2010 kikaanzisha taasisi ya amani na mazingira yenye jina lake. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011.

Tunakipongeza chuo kwa heshima hiyo. Lakini tujiulize pia: ikiwa mtu mwenye moyo mkubwa kama huyu alingoja hivyo, ni wangapi wenye moyo wa kawaida waliokata tamaa njiani?

Choo, chanjo na Miriam Were

Miriam Were, aliyezaliwa pia mwaka 1940, alikuwa mwalimu kabla ya kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha afya ya umma katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Alifundisha afya ya jamii huko Nairobi. Kama daktari, angeweza kukaa hospitalini akingoja wagonjwa. Yeye aliona kwamba magonjwa mengi yanayojaza wodi za watoto yanaanzia nyumbani, na huko huko yanaweza kuzuiwa.

Katika miaka ya 1970 alikwenda Kakamega, akafanya kazi na wanavijiji wenyewe. Wananchi walisaidiana kuchimba vyoo, kulinda maji yao na kuwapeleka watoto kupata chanjo, wakiwa na wahudumu wa afya kutoka miongoni mwao. Mama aliyejua kusoma kidogo tu, akiaminiwa na majirani zake, aliweza kufanya kazi ambayo daktari wa mjini asingeweza. Angeingia nyumba kwa nyumba bila kubisha sana hodi, akauliza mtoto anaendeleaje.

Mwaka 2008, katika mji wa Yokohama, Serikali ya Japani ilimpa Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi, yenye yen milioni 100. Ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Mwenzake aliyetunzwa mwaka huo alikuwa Brian Greenwood wa Uingereza, mtafiti wa malaria. Na mwaka 2023, Serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000. Msomi aliyeipigania njia hiyo tangu miaka ya 1970 amepata kitu kizuri kuliko nishani: ameona wazo likigeuka kuwa desturi ya nchi.

Mboga zilizoitwa magugu

Profesa wa tatu yuko karibu zaidi na sufuria zetu. Mary Abukutsa-Onyango alizaliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1959. Utotoni mwili wake haukupatana na maziwa, mayai wala samaki, kwa hiyo alikulia mboga za kienyeji. Akiwa mhadhiri wa kilimo, kwanza Maseno na baadaye katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, alichagua kuchunguza mboga ambazo wasomi wengi walikuwa hawajali: mnavu, mgagani, mchicha, kunde na mrenda.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Mboga hizi ziliitwa chakula cha maskini. Mgeni akija, mama aliona haya kumwandalia mnavu, akakimbilia kabichi sokoni. Shambani ziling'olewa kama magugu. Kumbe ndizo zenye madini ya chuma, vitamini na protini, tena huvumilia ukame na huchumwa baada ya majuma machache. Profesa Abukutsa-Onyango alirudi kwa wakulima na akina bibi, akajifunza kwao majina, aina na mapishi. Aligundua kwamba shida moja kubwa ilikuwa mbegu: zilizokuwapo zilikuwa hafifu, haba na zenye kuota vibaya. Akashirikiana na wakulima na vikundi vya akina mama kuzalisha mbegu bora. Leo mboga hizi zinauzwa hata katika maduka makubwa ya mijini, na mama anazipanga mezani bila aibu.

Umoja wa Afrika ulimtunza mwaka 2010 kwa kazi yake ya sayansi, na mwaka 2014 alipewa Nishani ya Edinburgh huko Uskoti. Tazama basi: mnavu wa nyuma ya nyumba ya bibi umempatia mtu nishani Ulaya.

Anayestahili utamjuaje?

Si kila anayekuja kijijini na gari la chuo anastahili kupongezwa. Wako wanaokuja na karatasi za maswali, wakatuuliza idadi ya watoto na mapato yetu, kisha tusiwaone tena. Wengine hupiga picha na kuondoka. Kabla ya kumsifu mtu, na tujiulize maswali haya:

Je, alitusikiliza kwanza, au alikuja na jibu lake mfukoni?

Je, alirudi kutueleza utafiti wake ulipata nini?

Je, alitambua ujuzi tuliokuwa nao, au alituona kama madebe matupu?

Je, tangu alipoondoka, tunaweza kuendelea wenyewe?

Je, anapotunzwa huko mjini, anawataja akina mama waliofanya kazi naye?

Swali hili la mwisho lina uzito wake. Miti milioni 30 haikupandwa na mtu mmoja. Kila tuzo anayopewa profesa imebebwa na mikono mingi iliyopasuka kwa jembe, na tuzo nzuri ni ile inayomkumbuka pia mwenye jembe.

Sisi tufanye nini?

Wengi husema, "Mimi mama wa nyumbani, nani atanisikiliza chuo kikuu?" Tusijidharau. Kamati inayotafuta mfanyakazi wa kutunzwa inaweza kuhesabu makala yaliyoko maktabani. Yaliyotokea katika nyumba zetu haiwezi kuyajua mpaka tuyaseme. Ushahidi huo uko kwetu.

Kwanza, kikundi chenu kiandike barua. Mpelekeeni mkuu wa idara au makamu mkuu wa chuo, ikiwa na majina na sahihi zenu. Msijaze sifa tupu. Elezeni mambo kama yalivyo: kabla hajaja tulikuwa tunafanya hivi, sasa tunafanya hivi, kaya zilizonufaika ni kadha. Barua ya ukurasa mmoja, iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kawaida, inaweza kuwekwa katika jalada la mhadhiri huyo na kumsaidia siku ya kupandishwa cheo.

Pili, mwalikeni aje aone matunda. Msingoje sherehe kubwa wala msichange fedha za zawadi ya gharama. Mtu aliyewafundisha kupanda mboga hufurahi kuila mboga hiyo kwenye meza yenu. Akija na wakubwa wake wa kazi, ni vema zaidi, maana wataona kwa macho yao.

Tatu, tuikumbuke nyumba yake. Mhadhiri anayeshinda vijijini Jumamosi ana mume au mke na watoto wanaomngoja. Wasomaji wetu walioolewa na watu wa kazi hizi wanajua upweke huo. Neno la asante kwa familia yake si dogo.

Nne, tuwaambie watoto wetu. Binti anayesoma sayansi na asikie kwamba elimu ya kupe ilimfikisha mwanamke kwenye miti, na elimu ya mboga ikamfikisha mwingine Edinburgh. Akijua kwamba usomi na utumishi hukaa nyumba moja, hatachagua kimoja na kukitupa kingine.

Tumezoea kuzisikia sifa nzuri za watu siku ya mazishi yao, wakati mwenyewe hasikii. Mhadhiri kijana aliye na nia njema yuko njia panda hivi sasa. Njia moja inaelekea kwenye cheo, nyingine inaelekea kwetu, na yeye anatazama ni ipi yenye watu wanaomjali. Kalamu na karatasi zipo. Kikundi chenu kikikutana mwezi huu, katibu na aandike barua hiyo.