Rekodi za Mashujaa: Kutoka Wakanda hadi Thimlich Ohinga

Mwaka 2018 uliwatendea wema watu wa mwambao wa Ziwa Viktoria. Mwezi Februari, Kisumu ilifanya onyesho la filamu ya Black Panther, ambamo Lupita Nyong'o, binti wa gavana wa kaunti hiyo, aliigiza kama Nakia. Miezi michache baadaye, UNESCO ikaingiza ngome ya Thimlich Ohinga, iliyoko Kaunti ya Migori, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwangu mimi matukio hayo ni ndugu. Shujaa wa sinema hupata nguvu anapooteshwa katika visasili vya watu, na Migori na Homa Bay zina visasili tele. Zifuatazo ni rekodi zilizokwisha kuwekwa, pamoja na vinara wa kwetu wanaostahili kamera.

Ya kwanza kuwania Oscar ya Filamu Bora
Black Panther alizaliwa mwaka 1966 katika vitabu vya katuni vya Marvel, kwa mikono ya Stan Lee na Jack Kirby. Filamu yake iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, ikawa filamu ya kwanza ya mashujaa wa katuni kuteuliwa kuwania Oscar ya Filamu Bora, na ikashinda tuzo tatu: mavazi, usanifu wa mandhari na muziki. Ruth Carter, aliyebuni mavazi kwa kuchota mitindo ya makabila mbalimbali ya Afrika, alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kushinda tuzo hiyo ya mavazi.

Ufalme wa kubuni ulio jirani zaidi nasi
Wakanda, ufalme wa Black Panther, imehamahama katika katuni. Mwaka 2016, katika mfululizo ulioandikwa na Ta-Nehisi Coates, ramani iliiweka kando ya Ziwa Viktoria. Kwa hiyo mtoto wa Mbita au Muhuru Bay anayeitazama filamu ana haki ya kuwaita watu wa Wakanda majirani zake.

Ngome kubwa zaidi ya mawe makavu
Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, ndiyo kubwa na iliyohifadhiwa vizuri kuliko maboma yote ya aina yake katika eneo la ziwa. Inakadiriwa kujengwa karne ya 16. Kuta zake, ambazo mahali pengine hupita mita nne, zimepangwa jiwe juu ya jiwe bila udongo wala saruji. Milango ni mifupi, hivyo aliyeingia alilazimika kuinama, na adui aliyeinama hana namna ya kurusha mkuki. Msanifu wa mandhari ya filamu atafute wapi tena?

Utajiri uliotoweka kwa kasi zaidi
Huko Gwassi, Homa Bay, wazee husimulia habari za Nyamgondho, mvuvi maskini aliyenasa bibi kizee katika mtego wake wa samaki. Alimchukua nyumbani, na boma lake likajaa ng'ombe. Siku moja akarudi amelewa, akamtukana. Bibi akaondoka kuelekea ziwani, mifugo yote ikamfuata na kuzama naye. Nyamgondho akabaki ameegemea fimbo yake, akageuka mti.
Filamu ya Wakanda Forever ya mwaka 2022 ilimpa Namor, shujaa wa katuni tangu 1939, ufalme wa chini ya maji uliochotwa katika imani za Wamaya. Sisi tuna kundi zima la ng'ombe chini ya ziwa.

Adhabu kali zaidi kwa ukosefu wa ukarimu
Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la volkano, Simbi Nyaima. Masimulizi yanasema palikuwa kijiji. Bibi kizee aliomba hifadhi wakati watu wakisherehekea kwa pombe, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea, naye akaonywa aondoke na jamaa yake. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama.

Jina la mganga lililofika mbali zaidi
Gor Mahia wa Kanyamwa, eneo la Ndhiwa, alisifika kwa kujigeuza umbo apendavyo. Jina lake lilipewa klabu ya soka mwaka 1968. Mwaka 1987 klabu hiyo ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika, na hakuna timu nyingine ya soka ya Kenya iliyowahi kuchukua kombe la bara.

Udhaifu wa ajabu zaidi
Luanda Magere wa Kano, ng'ambo ya mpaka wa Homa Bay, alikuwa na mwili wa jiwe, mikuki ilimvunjikia. Adui zake wakamwoza binti yao, naye akagundua kwamba uhai wa mumewe ulikuwa katika kivuli. Kivuli kikachomwa mkuki, shujaa akaanguka. Hadithi yenye mapenzi, hila na vita namna hii haihitaji kuongezwa chumvi.

Shujaa mwenye umri mdogo zaidi
Kwamba Kenya inaweza kutunga filamu na katuni za mashujaa si jambo la kubishaniwa. Supa Modo ya Likarion Wainaina, kuhusu msichana mgonjwa anayeota kuwa shujaa, ilionyeshwa katika tamasha la Berlin mwaka 2018. Kabla yake, katuni ya Shujaaz, iliyoanza 2010 kwa Sheng, ilishinda Tuzo ya Kimataifa ya Emmy.

Wachoraji tunao, waigizaji tunao, na mandhari yamesimama yenyewe kwa karne nyingi. Kaunti za Migori na Homa Bay zianze na kitabu cha katuni, maana hata Black Panther alianzia kwenye karatasi, miaka 52 kabla ya kupewa filamu yake. Waandishi waende Gwassi, Kanyamwa na Kendu Bay sasa hivi, wakae na wazee, waandike kila toleo la kila kisa pamoja na majina ya mahali pake. Rekodi inayofuata ya filamu za mashujaa inaweza kuwekwa kwa Dholuo na Kiswahili.