Majimaji ya Uvimbe wa Taya: Yanaeleza Nini, na Mgonjwa Aulize Nini

Uvimbe wenye majimaji hujengeka ndani ya mfupa wa taya kama kifuko chenye utando. Mara nyingi hauumi, hivyo mtu huweza kukaa nao miaka mingi hadi shavu livimbe, meno yalegee, au picha ya eksirei iliyopigwa kwa sababu nyingine iuoneshe. Daktari wa kinywa na meno akipendekeza kuyavuta majimaji hayo kwa sindano ili yapimwe, mgonjwa ana haki ya kujua kipimo hicho kinaweza kueleza nini na hakiwezi kueleza nini.

Kwa nini uvimbe hukua

Seli za utando hufa na kumegukia ndani ya kifuko. Mabaki yake huongeza wingi wa chembe zilizoyeyuka katika majimaji, nayo maji kutoka tishu za jirani huvutwa kuingia, kama yanavyoingia katika maharage yaliyorowekwa. Utando nao hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huchochea kuliwa kwa mfupa. Kwa hiyo, kuutoboa uvimbe mara moja na kuyamwaga majimaji si tiba: utando ukibaki, kifuko hujaa tena.

Majimaji yanavyotofautiana

Uvimbe unaotokana na jino lililokufa kwa kuoza, na ule unaozunguka jino lisiloota, kwa kawaida huwa na majimaji ya rangi ya manjano hafifu, wakati mwingine yakimetameta kwa chembe za kolesteroli. Protini yake hukaribia ile ya majimaji ya damu, mara nyingi gramu 5 au zaidi katika mililita 100.

Aina ya tatu huitwa keratosisti. Yaliyomo huwa mazito na meupe kama maziwa ya mgando, yakiwa na magamba ya keratini, protini ileile inayojenga kucha na nywele. Protini iliyoyeyuka humo kwa kawaida haifiki gramu 4 katika mililita 100. Tofauti hii ina uzito, kwa kuwa keratosisti huweza kurudi hata miaka kadhaa baada ya upasuaji. Akiishuku mapema, daktari hupanga upasuaji wa uangalifu zaidi na ufuatiliaji wa muda mrefu.

Mipaka ya kipimo

Usaha au damu vikichanganyika na majimaji, kiwango cha protini hupanda na keratosisti huweza kufanana na uvimbe wa kawaida. Isitoshe, ameloblastoma, ambayo ni uvimbe wa aina nyingine unaokula taya, huweza kuonekana katika eksirei kama kifuko cha majimaji. Kwa sababu hizo, majibu ya majimaji ni dalili tu. Uamuzi hutokana na kuchunguza kipande cha utando kwa hadubini, pamoja na picha na maelezo ya mgonjwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali tiba

1. Je, utando utakaotolewa utapelekwa maabara ya patholojia, na majibu yatatoka lini?
2. Je, gharama niliyotajiwa inajumuisha kipimo hicho?
3. Je, uvimbe utaondolewa wote, au utawekewa mrija ili usinyae kwanza?
4. Je, meno ya jirani yatang'olewa au yataokolewa?
5. Je, nitarudi kupigwa eksirei baada ya muda gani, na kwa miaka mingapi?

Omba nakala ya picha na ya majibu ya maabara, uzitunze. Uvimbe ukirudi baada ya miaka, nyaraka hizo zitamwongoza daktari mwingine.

Usingoje miadi ikiwa uvimbe unaongezeka kwa kasi, una homa, au unashindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Mdomo au kidevu kikifa ganzi bila sababu, mwone daktari mapema.