Pindo Lililoruka

Siku ya ruracio, sherehe ya mahari kwa Wakikuyu wa Thika na Ruiru, hufika saa bwana harusi akasimamishwa mbele ya safu ya wasichana waliofunikwa leso kutoka utosini hadi vifundoni, akaambiwa amchukue wake. Akimshika asiye wake, hutozwa faini huku kina mama wakiangua kicheko. Akipatia, ngemi hupaa. Ujanja wote wa mchezo huu uko kwenye leso: zikinunuliwa zenye mji mmoja (uwanja wa katikati), pindo moja na jina moja (msemo ulioandikwa), jicho la kijana hupotea.

Lakini mwanamke aliyezoea leso hapotei. Anajua hakuna mbili zinazolingana kabisa.

Mwone sokoni. Kabla hajauliza bei, ameshaigeuza nguo aone kama rangi imepenya upande wa nyuma. Amelowesha kidole na kulisugua ua jekundu ajue kama leso inachuja. Kisha huitandaza doti nzima, maana ni leso mbili zilizochapwa zikifuatana na fundi wa cherehani bado hajazitenganisha, akalinganisha pindo kwa pindo. Akiona moja imepauka, hapo ndipo mazungumzo ya bei huanza. “Mama, hii imeruka. Niondolee kitu kidogo.”

Ilirukaje? Leso huchapwa kwa skrini, na kila rangi ina skrini yake. Kitambaa hupita chini ya moja, kikachukua nyekundu. Chini ya nyingine, kikachukua nyeusi. Skrini ikisogea kwa unene wa ukucha tu, rangi hukosa mahali pake: ua hubaki na ukingo mweupe, au herufi za jina hukanyaga pindo. Vitundu vya skrini vikiziba, kasoro hujirudia, na leso zote zinazofuata hutoka na ua lile lile pungufu hadi mtu ashtuke na kusimamisha mashine. Uzi ukidondokea kitambaa, huacha mstari mweupe kwenye leso moja pekee. Na rangi iliyochanganywa Jumatatu hailingani sawasawa na ya Alhamisi.

Thika ni mji wa kuyajua mambo haya. Watu waliuita Birmingham ya Kenya kwa wingi wa viwanda vyake, na karibu na maporomoko ya Mto Chania kuna watu waliozeeka wakisikia mlio wa vitanda vya kufumia. Thika Cloth Mills imekuwapo tangu 1958. Miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa na mitumba kufurika, viwanda vingi vya nguo nchini vilifungwa, na leo leso nyingi za vibandani hutoka India. Macho ya wanunuzi hayakufungwa pamoja na viwanda.

Macho hayo yalianzia Pwani, ilikotoka leso yenyewe. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, lilijulikana kwa chapa ya “Mali ya Abdulla”, na hadi leo mnunuzi makini huitafuta chapa hiyo ajue kama ameshika ya asili. Hata maandishi yana historia yake: majina ya zamani yalichapwa kwa hati ya Kiarabu, baadaye yakahamia herufi za Kilatini, na mwenye leso ya bibi yake kabatini anaweza kuikisia umri kwa kuisoma tu.

Wamarekani nao wana macho kama haya, ila kwa kadi za wachezaji wa besiboli. Katika kadi zilizotolewa pamoja na sigara kati ya 1909 na 1911, jina la mchezaji Sherry Magee lilichapwa “Magie”. Kosa lilirekebishwa mapema, kwa hiyo zile chache zilizokosewa ndizo zinazogombewa kwa pesa nyingi. Huko kosa hupandisha bei. Kwetu hushusha bei kibandani, kisha thamani yake hukua nyumbani.

Chukua chama cha akina mama. Wamechanga na kununua leso za sare, na kila mmoja amepata yake. Ikifika siku ya itega, wanakwenda kumwona mama aliyejifungua, wote wamejifunga sawa, mzigo wa unga na sukari mkononi, na mwenyeji anaongezewa leso ya kumbebea mtoto. Wakirudi kwenye ploti zao za Ruiru, ambako wapangaji wanane hugawana kamba moja ya kuanikia, leso tatu zinazofanana hupepea pamoja. Hakuna ugomvi. “Yangu ni ile ambayo jina limepanda pindo,” anasema mmoja, anaianua na kuondoka. Ile aliyopunguziwa bei kwa kuruka ndiyo isiyoweza kupotea.

Ndiyo maana siku ya ruracio, kijana anapohangaika kukagua miguu na urefu wa mabega, ningekushauri umtazame cucu, yaani bibi, aliyeketi pembeni, yule aliyewafunika wasichana kwa mikono yake. Ametulia. Anajua kuwa leso ya tatu kutoka kushoto ina ua lililokosa rangi katikati, na anamjua aliyesimama ndani yake.