Je, Wajua? Walio Mbali na Dirisha la Dawa: Bukoba na Muleba

Je, wajua kwamba zaidi ya nusu ya eneo la wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, ni maji? Msafiri wa basi anaiona Kamachumu na migomba yake, akifika Bukoba anadhani ameimaliza wilaya. Kumbe ndani ya ziwa zimo kata nzima: Bumbire, Ikuza, Goziba, Kerebe, Mazinga. Hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo zote ziko nchi kavu. Mjamzito wa kisiwani akiandikiwa rufaa usiku, gari la wagonjwa halimfai kitu mpaka boti ipatikane, mafuta yapatikane, na ziwa litulie.

Je, wajua mgonjwa wa kwanza kujulikana wa homa ya Marburg nchini Tanzania alikuwa ametoka kwenye kimoja cha visiwa hivyo? Alisafiri kutoka Goziba, akaugua baada ya kurudi kijijini Bulinda, Bukoba Vijijini. Waliofuata walikuwa ndugu zake na wahudumu wa afya. Serikali ilitangaza mlipuko tarehe 21 Machi 2023, na ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni, wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 9, waliofariki 6.

Na wajua kilichotokea mara ya pili? Januari 2025, mkoa uleule, wilaya ya Biharamulo: wagonjwa 10, waliopona hakuna. Wanane kati yao walikuwa wamekwisha kufa kabla mlipuko haujathibitishwa. Marburg haina tiba maalumu iliyoidhinishwa, lakini maji ya mishipani na uangalizi wa karibu humwongezea mgonjwa nafasi ya kuishi, na vyote hivyo vinamtaka awe amefika wodini angali hai.

Kichocho je? Dawa yake, prazikwanteli, kwa miaka mingi imegawiwa zaidi shuleni. Mpango mzuri kwa mtoto anayesoma. Lakini kichocho huambukizwa majini, na anayeshinda humo ni mvuvi, pamoja na mama anayefua na kuchota mwaloni, na hao hawaitwi kwenye mstari wa wanafunzi. Ilikuwa mwaka 2022 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa kuwapa dawa watu wote kuanzia miaka miwili, watu wazima wakiwemo, kwenye jamii zenye maambukizi mengi. Mvuvi alihama mwalo mara ngapi kabla ya mwongozo huo? Huyo ndiye mtu mgumu kuliko wote kumwandika kwenye daftari la zahanati: leo yuko Ikuza, mwezi ujao amefuata dagaa kwingine.

Je, wajua wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana Kagera, mwaka 1983? Watu waliuita Juliana, jina la nguo za mtindo zilizovushwa kimagendo kutoka Uganda. Linalosahaulika ni kwamba hata ndani ya mkoa mmoja ugonjwa haukuwa sawa. Profesa Japhet Killewo na wenzake walipima damu mwaka 1987: Bukoba mjini, watu wazima 24.2 kwa kila mia walikuwa na virusi. Bukoba Vijijini na Muleba, 10. Ngara na Biharamulo hawakufika hata nusu ya mtu mmoja kwa mia. Halafu wanahabari wakaandika "Kagera" kana kwamba ni kijiji kimoja, na Mhaya aliyekwenda kutafuta kazi mikoa mingine akasafiri na sifa hiyo mgongoni. Waliochelewa kuandika ni wale wa habari njema: ilipofika 1996, kiwango cha Bukoba mjini kilikuwa kimeshuka hadi 13.3 kwa mia.

Je, wajua kifo cha mama kinaweza kupimwa kwa futi kamba? Kuanzia 1991 watafiti walizitembelea kaya zaidi ya 900 za Kagera, wakazirudia mwaka 2004 kuwatafuta watu walewale. Watoto waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walionekana kuwa wafupi kwa takribani sentimita mbili utu uzimani, tena wamekosa karibu mwaka mzima wa shule. Fedha zozote zitakazofika baadaye haziwezi kurudisha sentimita hizo.

Aliyebaki kuwalea ni bibi. Huko Nshamba, Muleba, mradi wa Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wengi wao wakiwa bibi wenye wajukuu mgongoni. Mwaka huohuo Sera ya Taifa ya Wazee ilizungumzia matibabu bure kwa wenye miaka 60 na zaidi. Kwenye karatasi, bibi wa Nshamba hana shida. Mwulize yeye: kumwona daktari ni bure, sawa, lakini dawa ikikosekana dirishani anatumwa dukani, na pikipiki ya kumfikisha huko haijui sera.

Je, wajua kile kinachoitwa mlipuko wa kicheko? Wageni wakisikia Kagera hupenda hiki, na hukisimulia huku wakicheka wao. Tarehe 30 Januari 1962, chini ya miezi miwili baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha walianza kucheka bila kujizuia. Wakafuata wenzao, hadi wanafunzi 95 kati ya 159. Shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Waliorudi kwao Nshamba wakafuatwa na hali hiyo huko, na watu 217 wakaugua. Madaktari Rankin na Philip walichunguza chakula na damu, wasione sumu wala kijidudu, wakaandika ripoti mwaka 1963. Isome ripoti uone kama inachekesha: vilio, hofu, mahangaiko ya saa kadhaa hadi siku 16. Walimu hawakupatwa. Pale shuleni waliopatwa ni mabinti wa bweni waliokuwa chini ya sheria za watu wengine, na mwili ukasema kile ambacho hawakuwa na ruhusa ya kukisema. Huu ulikuwa ugonjwa wa afya ya akili, na zaidi ya miaka 60 baadaye bado unawekwa kwenye orodha za vituko.

Na hili la mwisho, wajua dunia imejifunza nini Muleba kuhusu chandarua? Mbu wa huko walikuwa wameizoea dawa ya kawaida. Watafiti wakajaribu vyandarua vyenye kiambato cha PBO, ambacho humnyima mbu uwezo wa kuivunja sumu mwilini mwake. Miezi tisa baadaye, watoto waliokutwa na malaria walikuwa 31 kwa mia kwenye vijiji vyenye PBO, dhidi ya 55 kwenye vijiji vya chandarua cha zamani. Shirika la Afya Duniani likavipendekeza mwaka 2017. Ukigawiwa chandarua, soma maandishi ya mfuko kabla hujautupa: herufi hizo tatu zipo, au hazipo?