Ku ville, ku cité, ku kamp: siku moja ya kutembea kwa miguu Lubumbashi

Miji mingi ya kale imegawanywa na maji, na mwenye kuitembelea kwa miguu hutambua upande alipo kwa daraja alilolivuka. Kwa msomaji wa Kiswahili mfano ulio karibu ni Unguja. Baina ya Mji Mkongwe na mitaa ya mashariki palikuwa na mkono wa bahari, na juu yake daraja. Mkono huo ulifukiwa hatua kwa hatua hata ukawa nchi kavu. Lakini watu wangali wanakwenda sokoni Darajani pasipo kuvuka daraja, na mitaa ya upande wa pili ingali inaitwa Ng'ambo. Maji yamekwisha, maneno yamebaki.

Mji wa Lubumbashi hauna mfereji wala bahari. Umejengwa juu ya uwanda wa Katanga, kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na vijito vyake ni vyembamba. Hata hivyo nao una ng'ambo yake, na mtu mwenye viatu imara aweza kuipima kwa siku moja.

Na aanzie katikati ya mji, penye posta na kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli itokayo kusini ilipofika, ukapewa jina la Elisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Njia zake zimenyooka kana kwamba zilipigwa kwa rula, na hukatana kwa pembe mraba. Hapa mgeni hapotei. Pengine ndilo lililokusudiwa: mji ambao mtawala aliweza kuuona wote kwenye karatasi kabla hajauona kwa macho.

Akishika njia ya kusini atafika Kamalondo, na huenda asitambue kwamba amevuka kitu. Mwaka 1921 serikali ya kikoloni ilianzisha hapo Cité Albert kwa ajili ya wakazi weusi, na kati yake na mji wa Wazungu ikaacha ardhi tupu yenye upana wa mamia ya mita. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya afya: mbu asiweze kuruka kutoka kwa mgonjwa mweusi hadi kwenye kitanda cha Mzungu. Mbu, bila shaka, hakuulizwa rangi. Na mpishi au dobi alipaswa kuivuka ardhi hiyo kila asubuhi na kuirudia kila jioni. Ndio mfereji wa Lubumbashi, mfereji mkavu. Sheria ya ubaguzi ilikwisha zamani, na Kamalondo ni mojawapo ya komini 7 za mji mmoja.

Lakini sikiliza lugha. Mkazi wa Kamalondo anayekwenda posta, mwendo usiomchosha hata mzee, husema: «Nakwenda ku ville.» Anaporudi, anarudi «ku cité». Kwanza, tuone sarufi: Kiswahili cha Lubumbashi hakitumii sana kiishio -ni cha mahali, bali hutanguliza ku, mu au pa, kama zifanyavyo lugha nyingi za Kibantu zinazokizunguka. Pili, tuone maana. Kwa Kifaransa maneno yote mawili huweza kumaanisha mji. Ukoloni ndio uliowapa Wazungu la kwanza na Waafrika la pili. Neno Ng'ambo nalo lina fumbo hilo hilo, kwani aliye Ng'ambo huishi ng'ambo ya nani? Jina limetolewa na aliyesimama upande mwingine, na mwenyeji amelipokea akalifanya lake.

Kutoka Kamalondo mtembeaji huingia Kenya, penye soko lenye msongamano mkubwa. Hapa jicho lipumzike, sikio lifanye kazi: unga wa bukari, chikanda, munkoyo, makala yaliyofungwa juu ya baiskeli. Si rahisi kupita upesi, wala haifai.

Kutoka mbali huonekana vitu viwili ambavyo wenyeji huviita mumbunda na mampala: bomba kubwa la moshi la kiwanda cha shaba, na mlima mweusi wa takataka za madini. Hapo ndipo neno la tatu lilipo, «ku kamp», yaani kambi ya wafanyakazi wa Union Minière, ambayo baadaye ikawa ya Gécamines. Kampuni iliwapa nyumba, posho na shule. Iliwapa pia mipaka. Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma walikusanyika uwanja wa mpira, askari wakawapiga risasi. Miongoni mwa waliouawa alikuwa kiongozi wao, Léonard Mpoyi. Miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliagwa kwa malipo ya mkupuo mmoja, lakini jina la kambi halikuachishwa kazi.

Mto Lubumbashi, unaopita karibu na kiwanda kabla ya kujiunga na Kafubu, ndio uliokuwa wa kwanza kuazimwa jina. Tanuri zilizowashwa mwaka 1911 ziliitwa Lubumbashi wakati mji wenyewe ukiitwa kwa jina la malkia. Kwa hiyo mwaka 1966, Elisabethville ilipofutwa, jina lililochukua nafasi yake halikuwa geni: lilikuwa limekwisha kukaa zaidi ya miaka 50 midomoni mwa watu wa kiwandani na kambini. Jina lilipanda kutoka mtoni hadi kiwandani, na kutoka kiwandani hadi «ku ville», njia ile ile ya wafanyakazi, lakini kwa mwendo wa polepole zaidi.

Jioni ikiingia, makundi ya watu huelekea Kenya na Katuba kwa miguu. Ukimwamkia mmoja wao na kumwuliza atokako, hatataja posta wala kanisa kuu. Atasema: «Natoka ku ville.»