Nani Anampima Msomaji wa Eksirei? Programu ya Bure Ipo

Picha ya eksirei haijisomi. Mkaazi anapopigwa picha ya kifua au ya matiti, lazima mtaalamu aikague na kuamua kama kuna ugonjwa au la. Kutokana na uamuzi huo, mgonjwa ataanzishiwa matibabu, ataitwa tena kwa uchunguzi zaidi au ataambiwa arudi nyumbani. Ndiyo maana ni muhimu kujua usahihi wa wasomaji wa picha unavyopimwa, na kwamba kifaa cha kuupimia hakihitaji bajeti kubwa.

Wasomaji hutofautiana

Mwaka 1994, jarida la New England Journal of Medicine la Marekani lilichapisha utafiti ambapo wataalamu 10 wa radiolojia walisoma picha zile zile 150 za matiti. Kwa wanawake waliokuwa na saratani, kiwango cha kupendekeza uchunguzi wa haraka kilikuwa kati ya asilimia 74 na asilimia 96, ikitegemea nani aliyesoma. Kwa wanawake wasio na saratani, kiwango hicho kilikuwa kati ya asilimia 11 na asilimia 65.

Nyuma ya takwimu hizo kuna watu. Upande mmoja yupo mama ambaye saratani yake haikuonekana mapema. Upande wa pili yupo mama mzima wa afya aliyetumia nauli, akapoteza siku za kazi na kukosa usingizi bila sababu.

Jinsi usahihi unavyopimwa

Kuhesabu majibu sahihi pekee hakutoshi. Ikiwa picha 5 kati ya 100 zina ugonjwa, msomaji anayejibu "hakuna" kwa zote atapata alama 95 bila kumsaidia mgonjwa hata mmoja.

Kwa hivyo watafiti huwaomba wasomaji kutoa alama, kwa mfano kuanzia 1, "hakika hakuna ugonjwa", hadi 5, "hakika upo". Alama hizo hulinganishwa na hali halisi ya mgonjwa iliyothibitishwa kwa njia nyingine. Matokeo yake ni kipimo kimoja: 1 ni usahihi kamili, na 0.5 ni sawa na kurusha sarafu.

Ugumu huja pale aina mbili za picha au mashine mbili zinapolinganishwa. Tofauti ikionekana, je, imeletwa na mashine, na wasomaji waliochaguliwa, au na wagonjwa waliopigwa picha? Mwaka 1992, Dorfman, Berbaum na Metz walichapisha njia ya kuitenganisha michango hiyo. Hesabu zake ni ndefu mno kufanywa kwa mkono, na ndipo programu ya kompyuta inapohitajika.

Kuisakinisha, hatua kwa hatua

Programu ya takwimu iitwayo R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, hutolewa bila malipo. Inafanya kazi kwenye kompyuta za Windows, Mac na Linux. Vifurushi vya ziada huongezwa ndani yake kulingana na kazi. Kimoja cha kazi hii ni MRMCaov, kilichotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani.

1. Pakua R kutoka hazina yake rasmi ya mtandaoni, CRAN, kisha uisakinishe kama programu nyingine yoyote.

2. Fungua R ukiwa na intaneti, na uagize kifurushi cha MRMCaov. R itapakua pia vifurushi vingine ambavyo MRMCaov hutegemea.

3. Ikiwa R itauliza kama ijenge kifurushi upya kwenye kompyuta yako, chagua toleo lililo tayari. Kujenga upya huhitaji zana za ziada.

4. Kabla ya kuingiza takwimu zako, jaribu kwa mfano unaokuja na kifurushi, uitwao VanDyke.

Mfano huo una wasomaji 5 na wagonjwa 114, ambao 45 kati yao walikuwa wamechanika ukuta wa mshipa mkuu wa damu kifuani. Kila msomaji alitazama aina mbili za picha za MRI. Ukihesabu kwa njia ya moja kwa moja, bila kulainisha mchoro, wastani unapaswa kuwa takriban 0.897 kwa aina ya kwanza na 0.941 kwa aina ya pili. Ukipata hivyo, programu imekaa sawa.

Mfano huo pia una funzo. Aina ya pili inaonekana bora, lakini hesabu inaonyesha kuwa tofauti hiyo imekaribia tu kiwango ambacho watafiti hukubali kuwa si bahati. Atakayeangalia wastani pekee anaweza kununua mashine kwa tofauti ambayo haijathibitishwa.

Kwa nini jambo hili ni la sasa

Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa programu za kompyuta zinaweza kutumika kusoma picha za kifua katika uchunguzi wa kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Mashine ya kusoma picha nayo ni msomaji. Inafaa ipimwe kwa picha za wagonjwa wa mahali itakapotumika.

Wahudumu wa afya na wanafunzi watakaofanya upimaji huu wazingatie Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Programu haihitaji jina, nambari ya kitambulisho wala nambari ya simu ya mgonjwa. Nambari ya siri ya kila mgonjwa, hali yake iliyothibitishwa na alama za wasomaji zinatosha.

Kwa upande wa mkaazi, Hati ya Kitaifa ya Haki za Wagonjwa ya mwaka 2013 inatambua haki ya kupata maoni ya daktari wa pili. Hifadhi picha zako pamoja na ripoti yake, na uzibebe kila unapokwenda hospitalini. Ikiwa dalili zinaendelea ingawa ripoti ilisema hakuna tatizo, rudi na uombe picha isomwe tena. Kuomba hivyo si kumdharau daktari.